Bi Nahodha Akitia Mafuta

Siku yangu ya kwanza ya kazi kwa Bi Nahodha nilishushwa mashuani nikiwa na birika la chai mkononi. Nilikuwa nimewasha jiko dogo la gesi mle chumbani, chini ya sitaha, maji yameanza kuchemka, nami nimejiona mtu kati ya watu kwa kuwa nimepata kazi tena baada ya hoteli niliyokuwa nikipikia kule Nyali kufungwa. Mara nikasikia sauti juu yangu. Haikuwa ya ukali, wala haikuwa ya kubembeleza.

"Kadzo, zima moto. Shuka."

"Chai i karibu, Bi Nahodha."

"Nimeiona. Zima, ushuke nayo."

Nikazima, nikashuka. Kwenye kigati cha mbao cha Mtongwe alikuwa ameweka madebe mawili ya dizeli kivulini, yamefunikwa gunia lililoloweshwa maji. Wageni waliokuja kutembezwa siku ile, mke na mume na mama wa mume, walikuwa wameshushwa pia, wamesimama na mikoba yao kama watu waliotolewa nyumba. Nikawamiminia hayo maji ya moto yasiyochemka sawasawa, tukanywa chai mbovu, tukamwangalia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake ya kwanza, na nilikaa naye miaka mingi bila kuiona ikivunjwa: akitia mafuta, hapana kiumbe anayebaki ndani ya mashua ila yeye mwenyewe. Alizima swichi kuu ya betri. Alifunga mlango na vidirisha vyote vya chumba ili mvuke wa mafuta usiingie ndani. Alizungushia kitambaa mdomo wa tangi, akatia faneli ya chuma yenye chujio la waya mwembamba, akahakikisha chuma kinagusa chuma, kisha akainua debe na kumimina taratibu, kichwa kaelekeza upande kama mtu anayetegea habari chumba cha pili. Alikuwa akisikiliza. Mafuta yakiingia kwenye tangi tupu yana sauti nzito. Kadiri linavyojaa, sauti hukonda. Yeye aliijua ile sauti na aliacha kabla haijakonda kabisa, kwa sababu dizeli iliyotiwa asubuhi huvimba jua likipanda, na tangi lililojazwa hadi mdomoni hutapika.

Akishamaliza, alifunga kifuniko, akapangusa, akafungua kila alichokifunga ili upepo upite. Kisha alipiga magoti akaingiza kichwa ndani ya ngama, yaani ule uwazi wa chini kabisa wa mashua ambako maji na uchafu hujikusanya, akanusa. Akiridhika ndipo anapowasha betri, na kusema neno moja tu kwa walioko gatini: "Karibuni."

Kuna mkubwa mmoja wa Nyali, mtu mwenye tumbo na walinzi, aliyekataa kushuka. Alikuwa ameshajilaza kwenye mto, kavua viatu. Alimwambia Bi Nahodha kwamba dizeli si petroli, hailipuki ovyo, na kwamba yeye amekwisha kupanda boti za kila namna duniani.

"Ni kweli, bwana," Bi Nahodha akamjibu. "Dizeli ni pole kuliko petroli."

"Basi tia mafuta yako twende."

"Nitatia ukishashuka."

Akaketi juu ya debe lake pale gatini, akakunja mikono. Hakununa. Alianza kunisimulia habari za jirani yake aliyenunua mbuzi akagundua ni wa wizi. Akasimulia kwa kirefu, na walinzi wa yule mkubwa nao wakasogea kusikiliza. Mwisho wa kisa, mkubwa akavaa viatu, akashuka. Walipoondoka jioni alikuwa amesahau hasira, akamuuliza Bi Nahodha yule mbuzi alirudishwa kwa mwenyewe au vipi.

Ile mashua ilikuwa ndogo, ya faiba nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa, ina mlingoti mmoja, matanga mawili, na injini ya dizeli iliyofichwa chini ya ngazi. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliiuza kwa bei ya kuitupa, kwa kuwa injini ilikuwa imekufa. Mafundi walikuwa wameifungua mara kadha wa kadha. Huwaka, hutembea kidogo, hukohoa, huzima. Bi Nahodha aliinunua kwa ajili ya matanga. Alikuwa amefanya kazi ya kuosha na kulinda mashua za watu pale Mtongwe kwa muda mrefu, akajifunza kuziendesha kwa kuangalia na kwa kuombwa msaada, na hatimaye kwa kupewa usukani. Alisema atakwenda kwa upepo, kama walivyokwenda watu kabla ya injini kuzuliwa.

Haya mengine aliyenisimulia ni fundi wake wa Changamwe, mzee mchangamfu ambaye kazi yake ni injini za malori. Anasema Bi Nahodha alimwita si kutengeneza injini bali kuitoa, ili apate nafasi ya kuweka vyakula. Wakaanza na tangi. Walipofungua kifuniko cha juu na kumulika ndani, wakaona kitu kama uji mweusi umelala chini, na chini ya uji, maji. Kila mashua ilipoyumba, uchafu ule ulinyanyuka ukaziba njia ya mafuta. Ikitulia, uchafu ulikaa tena na injini ikawaka. Kila fundi alikuwa akiitazama injini. Yule fundi mwenyewe alikiri kwangu kwamba naye, lau angeitwa kutengeneza, angeanzia huko huko.

Wakalitoa tangi, wakalisugua, wakabadilisha mipira na chujio, wakatia dizeli safi, wakatoa hewa kwenye mabomba. Injini ikawaka, ikakaa ikiunguruma, haikuzima. Fundi akapiga makofi. Bi Nahodha akaizima mwenyewe, akavaa buibui lake, akapanda feri na magari mawili mpaka Nyali alikokuwa akikaa yule Mzungu kabla ya safari.

"Injini yako ni nzima," akamwambia. "Tangi ndilo lililokuwa gonjwa. Ukitaka mashua yako, ichukue. Mie nitadai pesa nilizokulipa na jasho la fundi tu."

Fundi anasema Bi Nahodha aliporudi aliketi kwenye ngazi ya mashua akiwa amechoka kabisa. Yule Mzungu alikuwa amemsikiliza, akacheka mpaka akatokwa na machozi, akasema amekwisha kuaga kila mtu na kila kitu, hana nguvu ya kurudiana na mashua.

"Na kama angesema naitaka?" fundi alimuuliza.

"Ningempa."

"Na wewe?"

"Ningelia," akasema. "Sasa washa tena niisikie."

Tangu siku hizo hakulipa tangi nafasi ya kuugua. Kila asubuhi alilegeza skurubu ya kikombe cha kioo kilicho chini ya chujio, akakinga matone ya kwanza kwenye chupa ya jemu, akaiinua juani. Maji huzama, dizeli hukaa juu. Yakiwemo maji utayaona yakitetemeka chini kama jicho. Mashua ikikaa bila kazi, wakati wa mvua nyingi na wageni wachache, alihakikisha tangi limejaa karibu na mwisho wake, kwa maana tangi tupu hutoa jasho ndani usiku, na jasho ni maji. Wenzake walimcheka kwa kununua mafuta wakati hana safari. Yeye aliwaambia, "Mie sinunui mafuta. Nafukuza maji."

Kipimo chake kilikuwa kijiti cha mkoko alichokikata alama kwa kisu. Hakuamini mshale wa saa ya mafuta, kwa kuwa bahari ikichafuka mshale hucheza ngoma. Aliligawa tangi mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la wenzetu. Watu wengi wa baharini wana mafungu matatu hayo, ila wao la tatu huliita la dharura. Nilimuuliza siku moja kwa nini yeye huliita la wenzetu.

"Dharura yangu n'shaipangia," akasema. "N'na matanga. Hilo la tatu ni la yule nitakayemkuta."

Na kweli alikuwa akilitoa. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho chake kikubwa, maana mtu huyu aliyehesabu kila tone aliishiwa na mafuta mchana kweupe, mimi nikiwapo. Tulikuwa tunatoka Tiwi na familia moja ya Kongowea, wafanyabiashara wa vitunguu waliokuja kusherehekea kufaulu kwa binti yao. Tukakuta mashua ya watu wa kusini imekwama, injini ya dizeli kama yetu, tangi kavu, na ndani mna mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali. Bi Nahodha hakuuliza maswali. Akawapa fungu la tatu, kisha akamwangalia yule mwanamke, akawaongezea na nusu ya lile la kurudi. Wakaondoka mbio. Akapandisha matanga, na upepo, ambao ulikuwa umetuchukua vizuri asubuhi nzima, ukafa.

Tukakaa. Jua lilitupiga mpaka baba wa familia akaanza kusema maneno. Bi Nahodha akasimama mbele yao akawaambia ukweli wote: mafuta yaliyobaki ni ya kuingilia bandarini tu, hatayagusa kabla ya hapo, na aliyekosea hesabu ni yeye. Mke wa yule mfanyabiashara akamkata mumewe kauli. "Wewe nilipokuwa n'na uchungu wa huyu mtoto ulinipeleka kwa mkokoteni," akamwambia. "Nyamaza." Tukapika wali wote uliokuwamo. Upepo ulirudi alasiri, mwembamba, tukafika tumechelewa na tumeungua nyuso. Kesho yake ikaja habari kwamba mtoto amezaliwa salama. Bi Nahodha alifurahi siku nzima, lakini alinikataza kusimulia kisa kile mbele ya manahodha wenzake, kwa sababu, alisema, wataskia ile sehemu ya kuishiwa tu.

Alikuwa na mambo mengine ambayo hayakukaa pamoja. Nyumbani kwake gesi ilimwishia kila mara akiwa kati ya kupika, akawa anavuka ua na sufuria ya mchuzi kwenda kumalizia kwa jirani. Simu yake ilikuwa imekufa chaji nusu ya maisha yake. Aliweza kukaa akikagua mpira wa kifuniko cha tangi hadi ukaona kero, halafu tukang'oa nanga tukafika nje ya mkondo tukagundua chakula cha wageni kimebaki gatini. Alikuwa mbishi. Alipenda habari za watu. Hakupenda kuomba radhi kwa maneno; akikukosea, kesho yake anakuletea maandazi, na ukiyala basi yamekwisha.

Lakini juu ya mafuta hakuwa na utani. Tone likidondoka majini, alilifuata na kitambaa, amejinyoosha juu ya ukingo mpaka unaogopa ataanguka. Pale Mtongwe maji yakitoka, wanawake huingia kwenye matope ya mikoko kuokota chaza na kaa. Alikuwa akiwajua kwa majina. Nilimwona akimfokea nahodha mmoja aliyemwaga maji machafu ya ngama yaliyochanganyika na dizeli, yakaenea juu ya bahari kwa rangi za kila namna.

"Ile rangi yapendeza, sivyo?" akamwambia. "Haya, nenda ukamwambie Mwanamisi pale aliye matopeni akale."

Sasa nije kwenye kisa ambacho watu wa Mtongwe wakimtaja Bi Nahodha ndicho wanachoanza nacho.

Hoteli moja, sitaitaja, ilitaka mashua mbili za kuwatembeza jamaa wa bibi harusi siku moja baada ya harusi. Moja ilikuwa yetu. Ya pili ilikuwa ya Nahodha Bakari wa Kisauni, kubwa kuliko yetu, yenye matanga ambayo kwa nadra aliyafungua. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kwetu. Meneja alikuwa ameahidi kwamba mambo yakienda vizuri, mashua zetu ndizo zitakazochukua wageni wa hoteli msimu mzima. Bi Nahodha alikuwa ameshapanga kununua matanga mapya, na mimi nilikuwa nimeshapanga mambo ambayo sikumwambia mtu.

Asubuhi ile tukakuta meneja ameleta mafuta yeye mwenyewe, mitungi ya plastiki nyuma ya pikapu, kutoka kwa mtu wake wa huko barabara ya malori. Alikuwa na haraka. Wageni walikuwa wameshafika, wanawake wamevaa vitambaa vya sare, mama wa bibi harusi amekaa kwenye kiti cha plastiki akijipepea.

Bi Nahodha akachukua chupa yake ya jemu, akakinga kidogo kutoka kwenye mtungi, akaiweka juu ya gati tuitazame. Ilikuwa na ukungu. Baadaye kidogo chini yake pakaanza kujitenga maji. Akanusa, akanipa nami ninuse. Ilinuka mafuta ya taa.

"Haya sitii," akasema.

Meneja akaona ni mchezo. "Bi Nahodha, mafuta ni mafuta. Wageni wamesimama juani."

"Nipe muda niende kituoni Likoni. N'narudi na yangu."

"Sina muda huo. Ama utie twende, ama wote wapande kwa Bakari, na wewe na mimi ndio basi."

Nilimtazama. Nilitaka aseme atatia. Nasema kweli, nilikuwa nikiomba moyoni alegeze siku hiyo moja. Yeye akageuka kwa Nahodha Bakari, ambaye alikuwa ameshaanza kumimina, wageni wakiwa wamekaa ndani.

"Mwenzangu, usitie. Tazama hii chupa."

Bakari akacheka, bila ubaya. "Injini yangu yala chochote, Bi Nahodha. Yako ndiyo yenye tumbo la mwana wa kifalme."

Wakapanda wote. Wakaondoka na muziki. Meneja akaingia garini bila kutuaga. Mimi nikaanza kukusanya vyombo vyangu, nikivigonganisha makusudi ili asikie nilivyokasirika.

"Wafanya nini?" akaniuliza.

"Naenda nyumbani. Kazi si imekwisha?"

"Ngoja."

Akampa dereva wa tuktuk madebe yake, wakaenda Likoni, wakarudi. Akatia mafuta kwa taratibu zake zote, asiruke hata moja, mimi gatini peke yangu kama mgeni. Akanusa ngama. Akasema, "Karibu."

"Twenda wapi?"

"Nyuma yao."

Tuliwakuta kwenye mkondo wa Kilindini, mbele kidogo ya njia ya feri, pale bahari inapoanza kufunguka. Mashua ya Bakari ilikuwa imelala ubavu kwa mawimbi, kimya. Muziki ulikuwa umezimwa. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu na kuisukuma upande wa mwamba, ambako mawimbi yalikuwa yakipasuka meupe. Bakari alikuwa ametupa nanga, lakini pale ni kina kirefu na nanga ilikuwa ikiburutwa. Matanga yake yalikuwa yamefungwa chini ya turubai alilolitandaza ili wageni wapate kivuli, na watu walikuwa wamejaa kiasi kwamba hakuweza kuyafikia. Na kwa nje, ikija kwetu, kulikuwa na meli ya makontena inayoingia Kipevu, ndefu, na meli ya namna ile haina breki. Tishari la kuvuta meli lililokuwa mbele yake lilikuwa likipiga honi mfululizo.

Bi Nahodha hakuongeza sauti. Aliniambia nishushe tanga la mbele, nimpe kamba nene, nikae mbali na kamba ikishakaza. Akaizungusha mashua yetu mbele ya ile ya Bakari, karibu mno, nikaona uso wa mama wa bibi harusi na midomo yake ikisoma dua. Nikarusha kamba. Ikaanguka majini. Nikaivuta, nikarusha tena, Bakari akaidaka.

"Kata nanga yako," Bi Nahodha akamwambia.

"Ni mpya."

"Bakari. Kata."

Akaikata. Injini yetu ndogo ikaanza kuvuta. Kwanza hatukwenda popote; tulikuwa tukitetemeka mahali pamoja huku mwamba ukisogea. Moshi ukatoka nyuma, sauti ya injini ikashuka ikawa ya mtu anayebeba gunia la mahindi. Mimi nilikuwa nikiisikiliza kama nilivyopata kumsikiliza marehemu mama yangu akipumua. Kikohozi kimoja tu cha injini, tone moja la maji kwenye chujio, na tungekuwa mashua mbili juu ya mwamba. Haikukohoa. Taratibu mashua ya Bakari ikageuza pua, ikatufuata. Meli ikatupita ubavuni ikatufunika kivuli, juu kabisa mtu mmoja akiwa ameegemea chuma akitutazama, na wimbi lake likatuinua na kutuweka.

Tuliwavuta mpaka ng'ambo ya mkondo, kwenye maji matulivu, tukatupa nanga yetu kwa mashua zote mbili. Watoto walikuwa wametapika. Bi Nahodha akavuka kwa Bakari na debe la dizeli safi na kitambaa, wakafungua chujio pamoja, wakamwaga ule uchafu kwenye ndoo, sio baharini. Kabla ya kutia, akasimama na debe mkononi akawatazama wageni wote wale, akaona hapana pa kuwashushia ila kwetu. Akawahamisha mmoja mmoja, mama wa bibi harusi wa kwanza, mpaka mashua ya Bakari ikabaki na watu wawili tu. Ndipo akatia.

Hakumwambia Bakari neno la kumsuta, siku ile wala baadaye. Hoteli haikutuita tena, sisi wala yeye. Meneja alisema tumewatia wageni hofu. Matanga mapya hayakununuliwa, na mambo yangu niliyoyapanga nayo yakangoja. Lakini siku moja nilivuka kwenda Kisauni kwa shangazi yangu, nikapita pale anapofunga mashua Nahodha Bakari, nikaona abiria wamesimama ufuoni na mikoba yao, na Bakari peke yake ndani, kainamisha kichwa, anamimina.

Niliacha kazi kwa Bi Nahodha nilipopata nafasi ya kufungua mgahawa wangu karibu na soko la Kongowea. Aliniombea dua na kunionya juu ya mpira wa mtungi wa gesi. Tukawa tunaonana siku za sikukuu, kisha tukawa tunasalimiana kwa watu. Nikasikia magoti yamemsumbua, amemwachia mashua mke wa mwanawe, msichana hodari aliyekuwa akimfundisha kwa muda, na yeye hapandi tena.

Mwaka huu nikaenda kumtembelea. Nikamkosa nyumbani. Jirani akacheka akaniambia nishuke ufuoni, nisiulize maswali.

Ilikuwa asubuhi, maji yamejaa, yametulia. Nikamwona amesimama baharini hadi kifuani, amevaa dira la zamani, lile gauni pana la nyumbani, na ushungi umekazwa kichwani, ameshika tyubu ya gari kwa mikono miwili. Mke wa mwanawe alikuwa pembeni yake. Waliponiona, yule binti akatoka majini akasema ana abiria wanaomngoja, akaniachia mahali pake kama vile tulikuwa tumepanga. Nikavua viatu, nikaingia na nguo zangu.

"Shikamoo, Bi Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Usinicheke."

"Nicheke nini? Wafanya nini humu?"

"Nafunzwa kuogelea."

Nilidhani ni utani. Mimi nimekulia Kisauni kando ya maji, najua kuogelea tangu sijajua kusoma, na haikunipitikia hata siku moja kumuuliza mtu kama yeye. Nikakumbuka mashua ikiinama mpaka ukingo unanywa maji, yeye kasimama na usukani. Nikamkumbuka amejinyoosha juu ya ukingo na kitambaa chake.

"Miaka yote ile hukujua?"

"Sikujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungepanda?"

Nikafikiri. "Nisingepanda."

"Basi." Akatazama mbali, kule kwenye kreni za Kipevu. "Niliogopa, Kadzo. Kila siku. Watu wasema Bi Nahodha ni mwangalifu, Bi Nahodha ana akili ya injini. Akili gani? Nilikuwa nikijua injini ikizima na mashua ikienda chini, wewe utaogelea, mgeni ataogelea, na mie nitakwenda nayo. Kwa hivyo haizimi. Nilihakikisha haizimi."

"Na sasa kwa nini? Hupandi tena."

"Ndiyo sababu. Sina mtu wa kumwangalia. Nimepata nafasi ya kuogopa mambo yangu mwenyewe."

Akaiachia ile tyubu, ikaelea kando. Akaniambia yule binti amemfikisha kwenye kulala chali, ila kila akilala huzama upande wa miguu, na kwamba atanilalia mikononi nimwonyeshe kosa liko wapi. Nikaweka mkono mmoja chini ya mgongo wake na mwingine chini ya kichwa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Shingo yake ilikuwa ngumu kama ubao.

"Tazama juu," nikamwambia. "Vuta pumzi, uiweke."

"Usiniwache."

"Siwachi."

Akafumba macho badala ya kutazama juu. Nikangoja. Taratibu shingo ikalegea, kisha mabega, dira lake likatanda juu ya maji, na miguu, ambayo ilikuwa ikizama, ikapanda yenyewe. Nikaondoa mkono wa mgongoni. Nikangoja tena, nikauondoa na wa kichwani.

"Kadzo, wanishika?"

"Nimekushika, Bi Nahodha," nikamwambia, na mikono yangu yote miwili ilikuwa nje ya maji.